Bastola ya Bei Nafuu, Risasi za Bei Ghali

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Wote, Makueni, aliyependa mchezo wa kulenga shabaha. Bodi ya Leseni za Silaha ilipomkubalia ombi lake, alifunga safari hadi Nairobi kwa muuzaji mwenye leseni. Akawekewa bastola mbili mezani: moja mpya, ya risasi ya .22, na nyingine ya milimita 9, iliyokwisha kutumika, bei yake ikiwa chini kidogo. Akachukua ya milimita 9. Marafiki zake wa Kitui mjini walimsifu sana. Hiyo, walisema, ndiyo bastola ya mwanamume.

Mjomba wake, mchonga pinde wa Kibwezi, hakumsifu.

"Mjomba, nimeipata kwa bei nzuri," alijitetea.

"Mpwa wangu, mtoto hapewi upinde wa kuulia nyati siku ya kwanza. Utamfundisha kuuogopa. Na je, umeuliza bei ya mishale?"

Hakuwa ameuliza. Mzee aliligusa jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi, ile ya milimita 9 hufika gramu 7 au 8, na mshindo wake ni mkubwa zaidi. Mkono wa mwanafunzi huanza kuungojea mshindo huo. Kidole hukivuta kifyatulio kwa hofu, mtutu huinama kabla risasi haijatoka, na shabaha hukoswa kwa chini. Hata katika Olimpiki, bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22, na wapigaji wale si watoto. Ugonjwa wa kushtuka hauna dawa ila mazoezi, na mazoezi ni mamia ya risasi. Risasi za milimita 9 ni ghali mara kadhaa kuliko za .22.

Kila safari ya kwenda uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ilimla nauli na risasi. Akapunguza mazoezi, mkono ukazidi kushtuka. Ndipo mtu mmoja akamnong'oneza kuwa zipo risasi za bei ya chini, hazina risiti. Akazichukua.

Hapa sitamtetea, ingawa namwonea huruma. Cheti cha silaha nchini Kenya hutaja hata idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, risasi zisizo na kibali ni kosa la jinai kama ilivyo bunduki isiyo na kibali. Tena risasi za mlango wa nyuma hutoka wapi? Wakulima wa Kitui mashariki, wanaolala kwa hofu ya wavamizi wenye bunduki, wanayajua vizuri madhara ya biashara hiyo ya magendo.

Polisi walimsimamisha kwenye kizuizi, Barabara ya Mombasa, wakahesabu risasi zake, zikazidi idadi iliyotajwa kwenye cheti. Bastola ikachukuliwa, naye akafikishwa mahakamani.

Ndugu msomaji, ukiwa umeruhusiwa kisheria na nia yako ni shabaha tu, anza na .22. Kabla ya kulipa, piga hesabu ya risasi za mwaka mzima, nauli ya uwanjani, ada ya leseni, kasha la chuma la kuifungia bastola na vifaa vya kukinga masikio na macho. Hesabu hiyo ikikushinda, usinunue. Na yeyote atakayekuletea risasi bila risiti, mkatalie.