Mwenye Timu ni Nani?

Yako maswali ambayo watu wazima huyacheka wayasikiapo, wakidhani ni ya watoto, kumbe yana kina kama kisima cha kale. Moja ni hili: timu ya mpira ni mali ya nani?

Wakili atakujibu upesi. Atasema kwamba timu ni mali ya yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati, awe tajiri mmoja, au kampuni, au wanachama walioandikishwa. Lakini simama Jumapili jioni karibu na stendi ya mabasi ya Kitale, au huko Kanduyi mjini Bungoma, watu wakirudi kutoka mpirani. Utamsikia kijana akisema, "Leo tumeshinda." Hasemi "wameshinda". Mpira hakuugusa, hana hisa hata moja, na pengine nauli ya kurudi kwao imempungukia. Hata hivyo asema "tumeshinda", wala hapana amwulizaye kwa haki gani. Je, kijana huyu asema uongo? Au wakili ndiye ambaye hajasema kweli yote?

Nakuomba, msomaji, tulichunguze jambo hili pamoja. Timu kubwa zaanguka mbele ya macho yetu, nasi twapenda kumlaumu golikipa, au mwamuzi, au bahati mbaya. Lakini ukichunguza sana utaona kwamba aghalabu timu huanza kufa ofisini kabla haijafa uwanjani.

Tuanze karibu na nyumbani. Kampuni ya sukari ya Nzoia, katika kaunti ya Bungoma, ilianzishwa mwaka 1975, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya serikali. Kampuni hiyo ilikuwa na timu yake, Nzoia Sugar, nayo mwaka 2017 ilikuwamo katika ligi kuu ya Kenya. Watu wa Bungoma wakapata kuziona timu kubwa za Nairobi zikija kwao, na mtoto wa mkulima wa miwa akaweza kuota kuvaa jezi ya ligi kuu pasipo kuuhama mji wao. Lakini timu ile ilikuwa kama mtoto anyonyaye kwa mama mgonjwa. Kampuni ililemewa na madeni. Wakulima wakangoja malipo ya miwa yao, wafanyakazi wakangoja mishahara, na wachezaji nao wakangoja. Mwaka 2024 timu iliteremka kutoka ligi kuu. Mwaka uliofuata serikali ilikikodisha kiwanda kwa kampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 30.

Hadithi hii si ya Nzoia peke yake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, yaani Pan Paper, nacho kilikuwa na timu iliyofika ligi kuu. Mitambo ilisimama Januari 2009, na leo ni wazee wanaoikumbuka timu ile. Timu ya sukari ya Mumias ilitwaa kombe la taifa mwaka 1996 na tena mwaka 1999. Leo jina lake halitajwi ila kwa masikitiko.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu tusije tukahukumu kwa pupa. Umaskini si dhambi. Kampuni yaweza kufilisika kwa sababu nyingi, na hapana sheria ya maadili isemayo kwamba ni lazima kiwanda cha sukari kilishe timu ya mpira. Kosa la mwenye timu aliyefukarika si ufukara wake. Kosa ni kuendelea kuahidi. Amwitaye kijana kutoka kwao, akamtilia sahihi ya mshahara, huku ajua kwamba mfuko ni mtupu, huyo hakumwajiri. Amemkopa miaka yake ya nguvu, nayo ni deni lisilolipika. Mguu wa mchezaji hudumu miaka kumi, labda kumi na miwili. Mwaka mmoja wa mshahara usiolipwa si jambo dogo katika maisha mafupi kama hayo.

Labda utasema, "Basi dawa ni timu kuwa mali ya watu wenyewe." Naam, tuitazame iliyo hivyo. AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964, vilabu vidogo vya Waluhya vilipoungana mjini Nairobi chini ya jina la Abaluhya. Mwaka 1980 jina lilibadilishwa, serikali ilipoagiza kwamba vilabu viache majina ya makabila. Timu hii si ya tajiri wala ya kampuni. Ni ya wanachama. Makao yake yako Nairobi, lakini moyo wake uko Bungoma, Kakamega na Kitale, na popote ngoma ya isukuti ilipo. Timu hiyo ilitwaa kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ilikuwa chui kwa jina na kwa tabia.

Kisha ikawaje? Ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1998, na baada ya hapo ikapita zaidi ya robo karne pasipo kuupata tena. Viongozi waligombana, kila kundi likidai kwamba ndilo lenye ofisi ya haki, na fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mwaka 2006 chui aliteremka kutoka ligi kuu, wala hakurudi ila mwaka 2009. Mdhamini wake alipojiondoa mwaka 2019, njaa ikaingia tena. Na mwaka 2021 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lilimzuia kusajili wachezaji wapya mpaka awalipe wa zamani waliokuwa wakimdai. Waona basi: mali ya watu wote yaweza kuwa mali isiyo na mlinzi. Kila mtu husema "yetu", na ufunguo wa sanduku hukaa katika mfuko wa mmoja.

"Kama ni hivyo," utasema, "tumtafute tajiri." Vijana wengi wa Kitale na Bungoma, wasipokuwa wakiipenda Leopards, basi huipenda Manchester United ya Uingereza, na wengi hupenda zote mbili, wamepata mateso maradufu. Timu hiyo ya mbali ilianzishwa na wafanyakazi wa reli mwaka 1878. Mwaka 2005 ilinunuliwa na ukoo wa Glazer wa Marekani. Sehemu kubwa ya fedha za kuinunua ilikuwa ya mkopo, na mzigo mkubwa wa mkopo ule ukawekwa juu ya klabu yenyewe, ambayo awali haikuwa na deni. Ni kama mtu anunuaye ng'ombe kwa kukopa, kisha akamwagiza ng'ombe alipe deni kwa maziwa yake, na ndama akabaki kulamba ndoo.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa hapana aliyeona dhara. Mwalimu Alex Ferguson alikuwa hodari, na timu ikashinda: ilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2008, na bingwa wa Uingereza kwa mara ya 20 mwaka 2013. Mwaka huo huo mzee akastaafu, na uozo uliofunikwa ukaonekana. Mei 2024 mvua kubwa ilinyesha, na maji yakatiririka kutoka paa la uwanja wa Old Trafford mbele ya macho ya dunia. Msimu uliokwisha mwaka 2025, timu iliyokuwa bingwa mara 20 ilimaliza nafasi ya 15 katika timu 20. Hili ni fundisho kubwa, msomaji. Ushindi wa leo si ushahidi kwamba nyumba ni nzima. Mchwa hawali nguzo kwa kelele.

Sasa tumepima aina tatu za wenye timu: kampuni, wanachama na matajiri. Mmoja alikuwa fukara, wa pili wengi, wa tatu tajiri. Na timu zote tatu zimeanguka kwa namna yake. Kwa hiyo haifai kusema kwamba ubaya umo katika aina ya mwenyewe. Yatupasa kuuliza swali jingine: yeye aliyeishika timu, aliishikaje?

Nionavyo mimi, yako mambo mawili ambayo twayachanganya. Moja ni mali, na la pili ni amana. Mali ni kitu changu. Nikikivunja, hasara ni yangu. Amana ni kitu nilichowekewa mkononi. Nikikivunja, hasara ni ya mwingine. Fikiri juu ya mtu aliyenunua shamba lenye chemchemi ambayo kijiji kizima kimekunywa tangu enzi za mababu. Hati ni yake, wala hapana amkatazaye kulima. Lakini akiifukia ile chemchemi, watu watasema amefanya uovu, hata kama wakili wake hana wasiwasi. Kwa nini? Kwa sababu fedha yake ilinunua ardhi. Haikununua kiu ya watu.

Timu ya mpira ina chemchemi ya namna hiyo. Tajiri aweza kununua uwanja, na mabasi, na sahihi za wachezaji. Lakini lile jina liwafanyalo watu waimbe lilitengenezwa na wachezaji waliokwisha kufa, na wapenzi waliolowa mvua miaka sitini, na baba aliyempa mwanawe kofia ya timu kabla hajampa shamba. Hapana aliyeviuza vitu hivyo, kwa hiyo hapana awezaye kusema amevinunua. Wakili alisema kweli kuhusu mali, na yule kijana wa stendi alisema kweli kuhusu amana.

Mtu mwenye akili atapinga hivi: "Mpenzi wa timu hulipa kiingilio tu, naye aweza kuacha kesho. Tajiri ametia mamilioni. Mwenye hasara kubwa ndiye awe na neno kubwa." Hoja hii haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba atoaye fedha apaswa kusikilizwa, na timu haiishi kwa nyimbo. Lakini hoja yenyewe yahesabu hasara ya fedha peke yake. Tajiri akichoka, huuza na kwenda zake. Mchezaji asiyelipwa hana cha kuuza, na mji hauwezi kuhama. Anayebaki na magofu ndiye mwenye hasara ya mwisho, naye pia astahili neno.

Kwa hiyo twahitaji mambo matatu popote palipo na amana. La kwanza ni hesabu zilizo wazi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. La pili ni mipaka: mwenye kushika timu asiweze kuitwisha madeni yake mwenyewe, wala kuahidi asichonacho. La tatu ni njia ya amani ya kumwondoa mwenye kushika akishindwa. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 1998, kanuni ya ligi yataka wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura, hata mtu akitia fedha nyingi namna gani, isipokuwa katika vilabu vichache. Kanuni hiyo haizuii timu kufungwa. Yazuia tu isiuzwe usiku, wenyewe wakiwa wamelala.

Lakini kanuni haijisimamii yenyewe. Sikiliza tena maneno yetu. Timu ikishinda twasema "tumeshinda". Ikianguka, wengi wetu husema "wameshindwa". Neno moja lilitufanya wenyewe, na jingine limetufanya wageni. Asemaye "tumeshinda" na awe tayari kusema "tumefungwa", tena aende kwenye mkutano wa wanachama, alipe ada yake, aulize daftari liko wapi, na asimpigie makofi kiongozi kwa sababu ametokana na ukoo wake au amegawa fulana.

Nawe, mwanafunzi, usidhani kwamba haya yakungoja ukubwani. Ukiwa nahodha, umeshika jina ambalo wengine walilichezea kabla hujazaliwa. Ukiwa mweka hazina wa chama cha shule, shilingi mia mbili zilizo mkononi mwako ni amana sawasawa na mamilioni ya klabu kubwa, na moyo utakaozishika hizo ndio utakaoshika ghala la ushirika wa mahindi huko Trans Nzoia, au kiwanda, au wizara. Waliozishika timu zetu vibaya hawakujifunza tabia hiyo siku walipopewa ofisi. Walikuja nayo kutoka mahali fulani, na huenda mahali penyewe ni darasa kama lako, siku hesabu ndogo ilipokosekana na hapana mwenzao aliyeuliza.