Kiambaza Baina ya Randa na Msala

Fundi seremala wa Bofa, Kilifi, atakaye kujenga nyumba na karakana chini ya paa moja, aghalabu huanza kwa kupima kiwanja na kuuliza bei ya mawe na boriti. Walakini swali litangulialo yote hayo ni la dini: je, kazi, ambayo kwa nia njema huwa ibada, ina haki ya kuingia nyumbani mpaka wapi?

Wako wasemao kwamba, maadamu Nabii Zakaria alikuwa seremala na Nabii Daudi akifua deraya, hapana haja ya kutenga randa na msala. Kauli hiyo naikubali nusu. Kazi ni tukufu, lakini vumbi la mvule hukereketa pua na kifua, na mtoto mchanga alalaye nyuma ya kiambaza hakutia nia yoyote. Wanazuoni wa fikihi wamekataza kudhuru na kudhuriana, wala sioni kwa nini katazo hilo liishie kwa jirani, lisiwafikie mke na wana.

Pepo zenyewe hapa ni makadhi. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi kusini-mashariki, na zote mbili hutujia kutoka baharini. Basi karakana ikiwekwa mashariki, vumbi litaingia vyumbani karibu mwaka mzima, na ikiwekwa kaskazini, ambako ndiko kibla cha watu wa Kilifi, tangu Disemba hata Machi mwenye kusali atasujudu juu ya unga wa mbao. Magharibi ndiko kwake, hata kama barabara iko kwingine na wateja itawalazimu kuzunguka.

Lipo pia suala la sitara. Sura An-Nur imetaja nyakati tatu za faragha, ambazo hata watoto wa nyumba hubisha hodi: kabla ya alfajiri, adhuhuri, na baada ya isha. Mteja hana habari nazo. Huja jua la utosi, mguu wa kitanda mkononi. Waliojenga Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, walitanguliza ua na ukumbi mrefu, vyumba vya kulala vikawa nyuma, ili mgeni akirimiwe bila ya kuona malalo ya mtu.

Fundi wetu naye afungue milango miwili ya nje, na baina ya karakana na nyumba aache ujia wenye birika la maji, avulie hapo nguo za kazi na kutawadha ndipo aingie. Na ufunguo wa karakana, baada ya isha, akae nao mkewe.