Jicho la Mlangoni na Wajibu wa Kusalimu

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo vifaa vya kisasa vimeyazua bila kuyajibu, liko moja linalohusu mahali padogo sana katika maisha ya jamii, napo ni kizingiti cha nyumba. Kengele za mlangoni zenye kamera, pamoja na kamera za ulinzi zinazofungwa getini, barazani na hata sebuleni, sasa zina mawasiliano ya sauti ya pande mbili, maana yake ni kwamba mwenye nyumba, akiwa chumbani mwake au katika mji mwingine kabisa, humwona aliyesimama mlangoni kwenye kioo cha simu yake, humsikia na humjibu. Swali si kama ni halali kumiliki kifaa hicho, kwa kuwa kulinda nafsi, familia na mali ni haki inayotambuliwa na dini na sheria; swali ni kwamba mtu anayemwona na kumsikia mwenzake, ilhali mwenzake huyo hajui kwamba anaonwa na kusikiwa, ana wajibu gani kwake. Insha hii inashikilia kwamba wajibu wake wa kwanza ni kusalimu, yaani kujidhihirisha kwa sauti yake mwenyewe, na kwamba kifaa hiki hujenga utu au huuvunja kulingana na namna wajibu huo unavyotimizwa.

Ili hoja ieleweke, ni lazima kwanza utendaji wa kifaa ubainishwe. Simu ya mlangoni ya zamani, ambayo wengi huiita intakomu, iliunganishwa kwa waya kutoka getini hadi ukutani mwa sebule, na mazungumzo yalianza pale mgeni alipobonyeza kitufe na mwenyeji aliponyanyua simu, hivyo kusikia na kusikiwa vilianza pamoja na kukoma pamoja, na aliyejibu kwa kawaida alikuwa nyumbani. Kengele ya kamera ya leo haingoji kubonyezwa: kihisi mwendo, yaani sehemu inayotambua kwamba kuna kitu kimepita mbele yake, huweza kuiamsha kamera kabla mgeni hajagusa mlango, na kwa kawaida picha na sauti hupita kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, ambako huweza kuhifadhiwa, kisha hufika kwenye simu ya mwenye nyumba. La kuzingatiwa zaidi liko kwenye kioo cha simu hiyo. Katika programu nyingi za aina hii, mwenye nyumba akifungua picha ya mlangoni humsikia mgeni papo hapo, ilhali maikrofoni yake yeye hubaki imefungwa, ikiwakilishwa na mchoro mdogo uliokatwa kwa mstari, mpaka aiguse kwa hiari yake. Kwa hiyo kusikiliza ndiyo hali ya kawaida ya kifaa, na kusema ni hatua ya ziada ambayo mtu anaweza kuichukua au kuiacha.

Haki haitatendeka ikiwa kifaa kitalaumiwa bila kutazama hofu iliyokizaa. Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi aliyeishi Queens katika jiji la New York, alikuwa akibaki peke yake nyumbani mara kwa mara kwa sababu ya saa za kazi zake na za mumewe, tena katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, nayo ikatolewa tarehe 2 Desemba 1969. Mfumo wao ulikuwa na matundu ya kuchungulia katika vimo mbalimbali vya mlango, kamera iliyopanda na kushuka kuyafuata, televisheni ndani ya nyumba, vyombo vya kuzungumza na aliye nje, na swichi ya kufungua kitasa kwa mbali. Mwanamke aliye peke yake usiku, anayetaka kujua ni nani anayebisha kabla ya kuondoa komeo, hatendi kosa lolote, na inafaa kukumbukwa kwamba mvumbuzi huyo hakuridhika na picha pekee, bali aliweka sauti tangu mwanzo, kwa sababu haja yake ilikuwa kuzungumza na mgeni na si kumtazama tu.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi yamejenga adabu za nyumba katika pwani ya Afrika Mashariki, yana mlango mzima unaohusu kuomba idhini ya kuingia, ambao wanazuoni huuita istiidhani. Sura ya 24, An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na inawataka warudi wakiambiwa warudi. Hadithi zinaeleza kwamba idhini huombwa mara tatu, kisha asiyejibiwa huondoka; kwamba sahaba Jabir bin Abdullah alipobisha na kuulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye bila kutaja jina, Mtume alichukizwa na jibu hilo; na kwamba mtu mmoja alipochungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, alikemewa vikali na kuelezwa kuwa idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho. Desturi ya kupiga hodi, kusimama kando na kungoja kukaribishwa imelelewa na mafundisho hayo, na hata waashi wa nyumba za mawe za Lamu waliyazingatia, kwa kuwa mgeni huingia kwanza kwenye daka lenye viti vya mawe, kisha kwenye tekani, ambayo ni ukumbi mdogo uliopindishwa kabla ya kiwanda, yaani ua wa ndani, ili anayepita njiani asiweze kuona hadi uani hata mlango ukiwa wazi.

Hukumu hizo zote zinasimama juu ya hali moja, nayo ni kwamba aliye nje anatishia faragha ya aliye ndani, kwa sababu jicho la nje linaweza kuvamia kabla mguu haujaingia. Waswahili husema kwamba macho hayana pazia, na adabu ya hodi ndilo pazia walilolishona wenyewe. Kamera ya mlangoni imeigeuza hali hiyo. Sasa aliye ndani, au aliye mbali anayehesabiwa kuwa ndani, ndiye anayeona kwanza, ilhali mgeni, akiwa hajui kama kuna mtu upande wa pili, huendelea kurekebisha mtandio wake, kuzungumza na mwenziwe juu ya deni au ugonjwa, au kupumzisha mzigo alioubeba. Ikiwa sababu ya idhini ni jicho, kama hadithi inavyoeleza, basi hukumu haina budi kufuata jicho popote linapohamia, na mwenye nyumba aliyepewa jicho la kuona nje bila kuonwa amebeba sehemu ya wajibu ambao zamani ulikuwa wa mgeni.

Ugeuzi huu unaeleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na fikra ya mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, ambaye katika barua alizoziandika mwaka 1787 na kuzichapisha mwaka 1791 alibuni gereza la mviringo aliloliita Panopticon, ambamo mlinzi mmoja aliye katikati angeweza kuwaona wafungwa wote pasipo wao kumwona. Bentham alifikiria pia mirija ya bati kati ya chumba cha mlinzi na vyumba vya wafungwa ili sauti ipite. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu adhabu na magereza, alibainisha kwamba Bentham baadaye aliliacha wazo la kuwasikiliza wafungwa kwa mirija, na akakisia kwamba huenda sababu ilikuwa ugumu wa kumzuia mfungwa asimsikie mlinzi kama mlinzi anavyomsikia yeye. Hapa pana tofauti ya msingi kati ya kuona na kusikia: mwanga unaweza kuzuiwa upande mmoja kwa pazia au kwa kioo cheusi, lakini sauti katika mrija huenda na kurudi, na anayesikiliza hujikuta naye amesikika. Kile ambacho mrija wa bati haukuweza kukifanya, mchoro mdogo wa maikrofoni iliyofungwa umekifanya, kwa kuwa umetenganisha kusikia na kusikiwa, na umempa kila mwenye nyumba uwezo ambao msanifu wa gereza aliukosa.

Ni katika hatua hii ambapo adabu ya salamu inatoa mwongozo. Hadithi sahihi zinafundisha kwamba aliyepanda mnyama humsalimu anayetembea kwa miguu, anayetembea humsalimu aliyeketi, na kundi dogo hulisalimu kundi kubwa, na wanazuoni waliozifafanua walieleza kwamba aliyepanda huanza ili asiingiwe na kiburi kwa sababu ya mahali pake pa juu. Anayetembea kwa miguu hana njia ya kujua nia ya mpanda farasi anayemkaribia, na salamu ndiyo inayomtoa hofu; aliye na nafasi ya juu anaiweka nguvu yake chini ya neno lake kabla haijamtisha mwenzake. Kwa kipimo hicho, mwenye kamera ndiye aliyepanda. Akiona kwamba mgeni amefika, naye ameshafungua picha na kuanza kumsikia, amani iko mikononi mwake, na inampasa aseme kwa kujitambulisha, kama Jabir alivyopaswa kujitambulisha, ili mgeni ajue kwamba yuko mbele ya mtu na ajue ni mtu gani.

Pingamizi lenye uzito linaweza kutolewa hapa, kwamba sheria ya idhini yenyewe inamruhusu mwenye nyumba kunyamaza, kwa kuwa asiyejibiwa mara tatu hurudi bila kinyongo, kama sahaba Abu Musa al-Ashari alivyorudi kutoka mlangoni kwa khalifa Umar bin al-Khattab. Jibu ni kwamba kimya cha mwenyeji wa zamani kilikuwa kimya cha mtu asiyemtazama mgeni wake. Alikuwa amelala, ana shughuli au hataki kuonana na mtu, na mgeni aliondoka akiwa hajapunguziwa chochote. Kimya cha anayetazama na kusikiliza ni kitu kingine, kwa sababu yeye tayari ameshiriki katika kukutana huko kwa jicho na sikio, na amemnyima mwenzake sehemu yake tu. Mwenye nyumba asiyetaka kujibu anayo haki kamili ya kutojibu, lakini haki hiyo inaambatana na kuifunga picha na sauti; na anayetaka kumkatalia mgeni anaruhusiwa na aya yenyewe kumwambia arudi, jambo ambalo, likisemwa kwa upole, lina heshima kuliko kumsikiliza anavyonung'unika. Anayeonekana kuwa mhalifu ana hukumu yake ya dharura, lakini hata huyo huenda sauti ya mwenye nyumba ikamtosha kuondoka, na dharura haiwezi kufanywa kanuni ya kumpokelea kila apigaye hodi.

Salamu hiyo haina budi kuwa ya kweli, na hapa panazuka suala la mwenye nyumba aliye mbali anayetaka aonekane yumo ndani. Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, akimjibu mwandishi Benjamin Constant, alishikilia kwamba si halali kudanganya hata pale muuaji anapouliza kama mtu anayemwinda yumo ndani ya nyumba. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, alichukua njia nyingine, akiona kwamba uongo huruhusiwa pale ambapo kuokoa maisha hakuwezekani bila huo, na kwamba ni bora kutumia tauria, yaani kauli ya kweli ambayo msikilizaji huielewa kwa maana nyingine. Kwa mlango wa kawaida, msimamo wowote kati ya hiyo miwili unatosheleza, kwa sababu anayesema kwamba hawezi kufungua kwa sasa anasema kweli, awe kitandani Ilala au safarini Dodoma, na hatoboi siri ya nyumba kuwa tupu. Asichoweza kukihalalisha ni kumwambia mzee aliyesimama juani kwamba anakuja, ilhali yuko mwendo wa saa nane kutoka hapo.

Wajibu huu ni mzito zaidi ndani ya nyumba, ambako kamera hufungwa jikoni au sebuleni na sauti ya tajiri humshukia dada wa kazi bila kutarajiwa, ikimuuliza kwa nini ameketi. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu alimuuliza Mtume kama anapaswa kuomba idhini kwa mama yake anayeishi naye nyumba moja, akajibiwa kwamba anapaswa. Ikiwa faragha inalindwa kati ya mtoto na mama yake, haiwezi kusemwa kwamba mshahara unaifuta kwa mfanyakazi, ambaye anastahili kuambiwa kamera ziko wapi, zinasikia au hazisikii, na kusalimiwa kwa jina kabla ya kuagizwa.

Sheria za nchi zimeanza kuyagusa mambo haya. Mwaka 2021 mahakama moja ya Oxford nchini Uingereza iliamua kwamba kifaa cha aina hii kilichonasa mazungumzo ya majirani kwa mbali kilivuka mpaka, na iliona kunasa sauti kuwa kosa zito kuliko kunasa picha. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, inayotengeneza kengele na kamera za aina hii, kwa sababu, miongoni mwa mengine, wadukuzi waliingia katika kamera za wateja na kutumia sauti ya pande mbili kuwatukana na kuwatisha watu ndani ya nyumba zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, sheria inaweza kupanga sauti ihifadhiwe kwa muda gani na nani aisikie, lakini haina uwezo wa kumlazimisha mtu amsalimu mwenzake. Hilo limeachiwa dhamiri, na dhamiri inayo la kutenda kila mara simu inapolia: kuzima unasaji wa sauti usio na haja, kuweka tangazo linalosomeka getini, kufungua maikrofoni mara tu picha inapofunguka, na kumjibu mgeni kama ambavyo mwenye nyumba mwenyewe angependa ajibiwe anapopiga hodi kwa wengine.