Mwami Theresa Ntare na Amana ya Utawala

Tangu kale wanazuoni wa dini na wenye hekima wamelijadili suala hili bila ya kulimaliza: mtu anapoketi katika kiti cha kuwaamuru wenziwe, haki yake hiyo imetoka wapi, katika damu ya wazee wake, katika ridhaa ya raia, au kwa Mwenyezi Mungu peke yake? Huku Buha, nchi ya Waha, suala hili limepata kuishi katika mwili wa mtu mmoja, naye ni Mwami, yaani Chifu, Theresa Ntare wa Heru, wilayani Kasulu, aliyeushika utawala wa jadi yake mwaka 1946, zama ambazo serikali ya Kiingereza ilikuwa imezoea kuwaita barazani machifu wanaume, na ambaye katika miaka ya Uhuru aliketi Bungeni pamoja na Bibi Titi Mohamed, Lucy Lameck na Sophia Mustafa.

Wala watawala wa Buha, wa Heru na hata wa Muhambwe kule Kibondo, hawakuwa na mamlaka yote. Ng'ombe walikuwa wa kwao, na kwa desturi ya ubugabire mnyonge alipewa ng'ombe akalipa kwa utumishi na utii. Lakini ardhi ilikuwa na wenyewe, nao ni bateko wa koo za Waha, waliompa mgeni mahali pa kulima na walioyatambikia mashamba ili mbegu iote. Jambo hili kwangu ni kubwa mno, kwa kuwa wahenga hao, wasiosoma kwa padri wala kwa maalim, walifahamu kwamba mwenye nguvu huhitaji baraka ya asiye na nguvu.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliifuta sheria ya machifu, na cheo cha Mwami kikatoka katika utawala. Wako wanaodai kwamba haki ya damu ilidhulumiwa. Mimi siafiki, kwani damu haimrithishi mtu insafu. Hata hivyo kura nayo haitoshi: wengi wakimridhia dhalimu, ridhaa yao haimwondolei hesabu mbele ya Mola wake. Mamlaka ni amana, na katika hili Mkatoliki wa Kabanga na Mwislamu wa Ujiji hawagombani, kwamba mwenye kuishika ataulizwa juu ya mjane, yatima na mgeni aliyebisha hodi. Na wageni wamebisha kweli katika nchi hii, hata zikawepo kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo, zilizowapokea watu wa Kongo na Burundi.

Basi nawasihi wapiga kura wa Kasulu na Kibondo: ajapo kwenu mtu kuomba kiti, msimwulize tu atawapa nini ninyi, bali mwulizeni amewatendea nini wale wasio na kura.