Kiporo, Makombo na Heshima ya Mtu



Mzazi mmoja wa mtaa wetu ana binti anayeishi Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Binti huyo aliandika nyumbani kwamba nyama ya ng'ombe iliyochomwa Jumamosi ikabaki, yeye huigeuza kuwa chakula cha jioni cha Jumapili, tena huwaalika wageni. Mama yake alishangaa. Akatuuliza: je, ni haki Mkristo kumwandalia mgeni kiporo? Naona swali hili si dogo kama linavyosikika, kwa hiyo naomba tulifikiri pamoja.

Kwanza tujue anachofanya huyo binti. Nyama iliyobaki huitia katika jokofu usiku uleule, isikae nje zaidi ya saa mbili, maana nyama iliyolala nje si kiporo tena bali ni ugonjwa. Kesho yake huikata vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi zake, ili iwe laini. Hukaanga vitunguu na pilipili hoho katika kikaango chenye moto mkali, akatia bizari nyembamba na pilipili kali kidogo. Nyama huingia mwisho, kwa dakika moja au mbili tu, kwa kuwa imekwisha iva, na ikipikwa mara ya pili itakuwa kama kiatu. Kisha huikamulia ndimu. Huliwa kwa tortilla, mkate mwembamba unaofanana na chapati, pamoja na maharage, parachichi lililopondwa, na nyanya zilizokatwa kama kachumbari yetu. Kikaango huwekwa katikati ya meza, na kila mtu, mwenyeji na mgeni, hujikunjia mkate wake.

Hicho ni chakula cha mpakani. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingia katika Marekani. Mapishi ya watu wenye asili ya Mexico yakachanganyika na ya wenzao. Katika mapishi hayo kimo chakula kiitwacho fajita, yaani mshipi mdogo kwa Kispania, kwa sababu ya ule ukanda wa nyama unaotenga kifua na tumbo la ng'ombe. Ni nyama yenye nyuzi ngumu. Katika miaka ya 1930 na 1940, wachungaji wa ng'ombe wa Kimexico kusini mwa Texas walipewa nyama hiyo, pamoja na kichwa, ngozi na matumbo, kuwa sehemu ya ujira wao. Matajiri walibaki na sehemu nzuri.

Wale wachungaji hawakuitupa. Waliichoma juu ya makaa, wakaikata vyembamba, wakaila kwa mikate yao. Mwaka 1969 mchinjaji aitwaye Sonny Falcón aliiuza kwenye sherehe katika mji wa Kyle. Mwaka 1973 mjane Ninfa Laurenzo alifungua mkahawa wenye meza kumi katika kiwanda chake cha tortilla huko Houston, na nyama ya namna hiyo ikampatia sifa. Mwaka 1982 hoteli kubwa mjini Austin ilianza kuiuza pia. Bei ya ukanda ule ilipanda, hata leo si nyama ya maskini tena.

Basi tujiulize, ni nini kilichobadilika? Ng'ombe ni yuleyule, na ukanda ni uleule. Kilichobadilika ni nani anayeula. Yaliyokuwa masazo kwa mtumishi yamekuwa karamu tangu bwana alipoketi kuyala.

Lakini tusikosee hapa. Mtu anaweza kusema, "Unaona? Wale wachungaji walipewa kibaya, wakakifanya kizuri. Basi hakuna aliyedhulumiwa." La hasha! Ustadi wa maskini ni sifa ya maskini. Hauwi udhuru wa bahili. Aliyempa mwenzake kile ambacho yeye asingekigusa, alimpa pamoja na nyama neno lisilosemwa: wewe si kama mimi.

Lugha yetu inatusaidia kupambanua jambo hili. Kiporo ni chakula kilichobaki chunguni kikalala. Makombo ni kile kilichobaki baada ya mtu kwisha kula. Kiporo chaweza kuwa cha watu wote wa nyumbani. Asubuhi baba, mama na watoto hukinywea chai pamoja. Makombo yana mwenyewe aliyetangulia na mwingine aliyengojeshwa.

Maandiko yanaonyesha njia hiyohiyo. Katika Ruthu sura ya 2, Boazi alimkaribisha mwanamke mgeni aketi pamoja na wavunaji, akala, akashiba, akasaza. Jioni Ruthu alimpelekea Naomi kile alichosaza. Hicho kilikuwa masazo, tena ya mkwe kwa mama mkwe wake, wala Naomi hakuona aibu, kwa kuwa Ruthu alimpa chakula alichokula yeye mwenyewe. Na Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12). Lakini nabii Malaki (1:8) aliwakemea waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, akawaambia wakamjaribu liwali wao kwa zawadi kama hiyo, waone kama atawapokea. Hicho ndicho kipimo. Ukimchagulia kuku aliyekwisha anza kusinzia ili umpeleke kanisani Siku ya Mavuno, jiulize kama ungempeleka kwa mkuu wa wilaya.

Je, si afadhali kutoa kuliko kutupa? Ni afadhali, naam. Lakini kuzuia hasara ni busara ya nyumba. Tusiiandike katika hesabu ya sadaka. Na yule asiye na kitu ila kiporo, akimgawia mgeni nusu, huyo ametoa sana, kwa maana amegawa chakula chake.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Msichana wa kazi huamka alfajiri ya Krismasi akapika pilau. Watu wakila, yeye yuko jikoni. Sahani zikirudi huambiwa, "Haya, nawe kula kilichosalia." Mtoto yatima tunayemlea kwa jina la Kristo, je, hupakuliwa pamoja na wenzake, au hungoja? Hapo hakuna anayekufa kwa njaa. Tumbo lashiba, lakini moyo wa mtoto hujifunza daraja lake kila siku mara tatu, na somo hilo halisahauliki upesi.

Kwa hiyo namjibu mzazi wetu hivi: binti yako hana kosa. Nyama yake ni safi, ameihangaikia, naye anakula kutoka kikaango kilekile na wageni wake. Amewapa kiporo, hakuwapa makombo.

Katika Ibada ya Meza ya Bwana, kabla ya kupokea, sisi Waanglikana tumezoea kukiri kwamba hatustahili hata kuokota makombo chini ya meza yake. Naye hatupi makombo, anatukaribisha mezani. Na mkate na divai vilivyowekwa wakfu vikisalia, Kitabu cha Sala kinaagiza kuhani mwenyewe avile kwa heshima, pamoja na washirika anaowaita. Hapelekewi mtu wa nje mlangoni. Anayeongoza karamu ndiye anayekula masazo yake. Na tufanye vivyo hivyo majumbani mwetu, kuanzia jioni ya leo.