Je, Afungaye Ili Apungue Mwili Amefunga?

Alhamdulillahi Rabbil Aalamin, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika darsa letu hapa Kiandutu liliulizwa suali ambalo hatukuona vyema libaki baina ya watu wachache. Kijana mmoja hufunga Jumatatu na Alhamisi, na kabla ya magharibi hukimbia: mbio kali kwa muda mdogo, kisha hutembea apate pumzi, kisha hukimbia tena. Alikiri kuwa kilichomwanzisha si sunna bali ni unene, ambao daktari alimwonya juu yake. Mwenziwe akamkemea kuwa hiyo si saumu, ni njaa tu. Ni nani aliyesibu?

Kwanza, mwili ni amana. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza bibi alishinda, na baadaye, alipokwisha nenepa, akashindwa. Basi asiseme mtu kuwa mbio ni mambo ya watoto. Na mazoezi haya ya kupokezana juhudi na mapumziko yamechunguzwa: mwaka 1996 Izumi Tabata na wenziwe wa Japani walionyesha kuwa sekunde 20 za juhudi kwa 10 za kupumzika, zikirudiwa, huzidisha nguvu za pumzi. Ama kubana saa za kula, mwaka 2022 ilitolewa habari ya watu wanene 139 wa China waliofuatwa miezi 12. Wote walipunguziwa chakula, na sehemu yao wakabaniwa na saa pia. Hawa hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha kutajika. Basi saa hazina uchawi. Mwenye kulipiza wakati wa futari yote aliyoyaacha mchana asitaraji kupungua.

Pili, nia. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa atiaye udhu kwa nia yake iliyo sawa, na pamoja nayo akakusudia kujiburudisha kwa maji, udhu wake umesihi. Na Imamu Suyuti akaitia katika mlango huo saumu ya aliyekusudia pia kujizuia na chakula kwa afya. Kwa hiyo aliyesema si saumu amekosea. Lakini kusihi ni jambo moja, na thawabu ni jingine. Imamu Ghazali hutazama ni kusudio lipi lililoshinda. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam ni mkali zaidi. Basi kijana ajiulize: siku mizani isiposhuka, nitafunga?

Tatu, madhara. Wafungao kwa afya tu hunywa maji. Sisi hatunywi, na huku kwetu karibu na Ikweta mchana wa saumu hupita saa 13. Mwenye kazi ya machimbo ya mawe, ambaye wanawe hula kwa jasho lake, hunuia usiku wa Ramadhani, na ikimfika dhiki kubwa ana ruhusa ya kufungua kisha alipe. Lakini akimbiaye juani kwa ajili ya kiuno chake mpaka akafungua, huyo hana udhuru wa mchimba mawe. Na mgonjwa wa sukari asithubutu kabla ya kumwona tabibu.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Katika mtaa wetu wako wanaokosa chakula cha mchana si kwa sunna wala kwa daktari, bali kibarua hakikupatikana. Njaa yetu tumeichagua; yao imewachagua. Chakula tulichokiacha mchana kimekwenda wapi? Tulimwambia yule kijana akipeleke nyumba ya pili. Akanyamaza, kisha akatuuliza: "Na nyinyi masheikh, mnapofuturu mpaka kusimama tarawehe ni taabu, cha jirani kiko wapi?" Hatukuwa na jawabu, na tumeona haya kulificha suali lake.

Basi, ndugu zetu, tusimcheke aliyeanza kufunga kwa ajili ya tumbo. Wengi huingia msikitini kukimbia mvua, na mvua ikikatika wakabaki. Tumwombee abaki, na sisi tujihisabu kabla ya kumhisabu.

Wallahu aalam.