Sistimu Imekataa

Asubuhi, wengi wetu Kitengela tunavuka kutoka Kajiado kwenda viwanda vya EPZ, Athi River. Mimi, baada ya kuacha chuo, nilipata kibarua cha kuandika programu ya kupanga kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Unaingiza oda, mashine na watu, ratiba inatoka.

Siku moja mshonaji aliomba kutoka mapema, mtoto mgonjwa. Supavaiza akatazama skrini: "Pole mama, sistimu imekataa."

Sistimu gani? Si ni mimi niliyeiandika! Niliweka tarehe ya kontena kwenda Mombasa. Mtoto sikumweka.

Henry Gantt, Mmarekani aliyefariki 1919, alichora ratiba za viwanda kwa mistari kwenye karatasi. Karatasi huwezi kuisingizia. Aliyeshika penseli anajulikana.

Ni kweli, kontena ikichelewa oda inaweza kupotea, na kazi pia. Lakini hilo liamuliwe na mtu.

Basi nikaongeza kitufe: supavaiza anasogeza kazi, ratiba inajipanga upya, jina lake linabaki pale. Akasema nimemrahisishia. Wapi! Sasa akikataa, itabidi aseme, "Nimekataa mimi."